Aliyetulia Chini ya Leso

Mtu asikudanganye kwamba baridi ndiyo inayochosha kule kwenye barafu. Baridi huzoeleka. Watu wa Wamagana nao wameizoea ile yao ya Julai, wanavaa sweta juu ya sweta na kwenda kuchuma majani chai kama kawaida. Kinachochosha ni kusimama. Mukami angekueleza hayo vizuri, lau angekuwa na nguvu za kufungua kinywa. Lakini asubuhi ya ruracio yake, siku ya kuletewa mahari, alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mama yake, kiatu kimoja mguuni na kingine sakafuni, na kule kuinama tu akiokote kulimshinda.

Alikuwa amefika juzi kutoka Antaktika, kwa meli, kisha ndege, kisha ndege nyingine. Ngozi ya mashavu ilikuwa imebambuka kwa upepo na kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi. Shangazi zake walimwangalia, wakaangaliana, wakasema, "Haiya! Kwani huko hawakuwa wanakupatia chakula?" Nje tenti zilikuwa zimesimamishwa, sufuria kubwa zilikuwa mekoni tangu alfajiri, na mchana huo watu wa Muriithi wangefika kutoka Chaka na mbuzi wao, mablanketi yao na mdomo wao wote, kuomba mke. Harusi yenyewe ilikuwa imepangwa Desemba.

Na hapo kwenye Desemba ndipo palipokuwa na balaa.

Mukami alikuwa mwanafunzi wa utafiti katika chuo kimoja cha ng'ambo, akitafuta shahada ya udaktari. Kazi yake ilikuwa kupima barafu: unene wake, na kilicholala chini yake, kama ni mwamba, tope au maji. Barafu iliyokwenda chini kina cha mlima huwezi kuichimba kwa jembe, kwa hivyo unaipigia. Unalaza bamba la chuma, unalipiga kwa nyundo, na mlio unashuka hadi mwambani kisha unarudi juu. Huku juu umechomeka vinasa-mlio vidogo, mstari mrefu mpaka macho yanachoka, vyote vimeungwa kwa kebo moja. Na hivyo vitu vina masikio, wewe! Vinasikia nyundo, vinasikia upepo, vinasikia hata mtu akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Ndiyo maana kiongozi akiinua mkono, kila mtu hukauka alipo. Hukohoi, hujikuni. Nyundo inashuka, mnangoja, mkono unateremka, mnang'oa vinasa, mnasogea mbele, mnachomeka upya. Mkono unainuliwa tena. Hivyo hivyo mchana kutwa, na kule majira hayo jua halitui, kwa hivyo mchana hauishi.

Huyu ndiye yule Mukami ambaye kanisani alikuwa akifinywa na mama yake kila Jumapili kwa kutotulia, kana kwamba ana siafu nguoni. Barafu ilimfunza kutulia mpaka ikampitiliza.

Basi wakafika katikati ya ule mstari, dhoruba ikawashukia. Vinasa vikafukiwa, kebo ikakatika, na nusu ya kazi ikabaki haijafanywa. Meli haingoji mtu, wakaondoka. Mukami alipofika Nairobi, akiwa bado anangoja begi lake litokee, aliwasha simu akakuta ujumbe wa profesa wake: meli ya Novemba ina nafasi yako, utakuja tuumalize mstari? Alikuwa hajalala kitanda cha maana tangu Krismasi. Macho yalikuwa yanamwasha. Akaandika, "Nitakuja," akabonyeza, begi likatokea, akalivuta. Alikuwa kwenye gari, wamepita Karatina, ndipo alipoikumbuka Desemba. Akasema "Ngai!" kwa nguvu hadi dereva akageuka kumtazama.

Aliyekuwa akijua hayo ni mama yake, Beth, peke yake. Beth alikuwa mjane, mwanamke wa chama cha akina mama kanisani, na kwa miaka miwili alikuwa akiulizwa pale nje ya kanisa, kwa ule upole wenye sumu, kama msichana wake ataolewa na mtu au na barafu. Siku hiyo alikuwa anawajibu wote kwa pamoja. Alikuwa ameshona rinda jipya.

Aliingia chumbani, akamkuta binti yake akikitazama kiatu.

"Mami, nimwambie Muriithi kabla hawajaanza," Mukami alisema. "Nipatie simu yangu nimpigie."

"Simu yako iko na mimi na itakaa na mimi," Beth alisema. Alipiga magoti akamvisha kiatu kile kama alivyokuwa akimvisha utotoni. "Usimwambie kitu leo. Wazee wakishakunywa kuonyesha wamekubali, hayo mengine ni ya nyinyi wawili, mtajuana. Lakini ukiharibu leo, unaharibu mbele ya watu."

"Na nikiulizwa mbele ya watu?"

"Utasema ndiyo. Ni neno moja tu, Mukami. Umesoma miaka yote hiyo ushindwe na neno moja?"

Mukami alimpenda Muriithi, hilo nalisema mapema ili mtu asije akadhani vinginevyo. Alikuwa kijana wa duka la dawa za mifugo pale Chaka, mpole, asiyejua kuharakisha jambo, mtu wa kukaa na ng'ombe mgonjwa wa mtu mwingine mpaka asimame. Alimpenda, na alikuwa amechoka, na yale mawili yalikuwa yamechanganyika mpaka hakuweza kujua anataka kumwona au anataka tu kulala.

Watu wa Chaka walifika jua likiwa la utosi. Walisimama nje ya geti wakaimba, na wanawake wa Wamagana wakawaimbia kutoka ndani kwamba nyumba hii haina msichana, labda wamepotea, warudi kule kwao Kieni kwenye vumbi lao. Wale wakajibu kwamba vumbi limewaletea kiu na hawaondoki bila kunywa. Wakazozana hivyo kwa raha zao hadi geti likafunguliwa. Wakakaribishwa, wakala, mchungaji akaomba, sala ndefu. Kisha baba mdogo Ngatia, ndugu wa marehemu baba yake Mukami na ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba, akasimama na kutangaza kwamba kama wageni wanajua walichokuja kutafuta, basi wakichague wenyewe.

Mchezo huu kila mtu wa pande zile anaujua. Wasichana na shangazi wa nyumba wanafunikwa leso kichwa hadi miguuni, wanapangwa mstari, na bwana arusi anapita kumtafuta wake. Akikosea analipa faini ya mbuzi na anachekwa mpaka wajukuu. Kwa kawaida hakosei, kwa sababu kila bibi arusi hudanganya. Anakohoa, anatoa kidole, anajipinda kidogo. Mtu ambaye hujamwona kwa miezi utamtambuaje, kama hakusaidii?

Mukami aliwekwa katikati, kando ya Wachuka, binti wa shangazi yake, msichana mcheshi kupita kiasi. Chini ya leso kulikuwa na joto. Jua la Machi lilipenya kwenye kitambaa, likawa rangi ya chungwa mbele ya macho yake, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege hakuna aliyekuwa akimtazama usoni. Angeweza kulala pale pale akiwa wima.

"Kimya, jamani! Kimya!" kijana aliyeshika mikrofoni alisema, na boma lote likanyamaza.

Na mwili wa Mukami ukafanya kile ulichofundishwa. Magoti yakakaza. Pumzi ikapungua. Uzito ukagawanyika sawasawa miguu miwili, ukatulia.

Kulia kwake Wachuka alikuwa akichezesha kidole cha mguu chenye rangi nyekundu makusudi ili ampoteze maboya bwana arusi. Shangazi mmoja alikuwa akitikisa makalio na watu wakicheka. Muriithi alikuja polepole kama desturi yake. Mukami aliviona viatu vyake chini ya pindo la leso, vile vya kahawia vilivyokwisha kisigino upande mmoja. Alikuwa na hamu hata na viatu hivyo. Sasa ilikuwa ni kukohoa tu. Hakuna sheria iliyomkataza.

Hakukohoa. Alijiambia ni mazoea, alijiambia ni uchovu. Ukweli ni kwamba akishatambuliwa angeulizwa, na akiulizwa ingembidi adanganye mbele ya mchungaji na koo mbili nzima. Viatu vilisimama kitambo, kisha vikaondoka.

"Huyu!" Muriithi akasema, na leso iliyovutwa ikawa ya Wachuka.

Wee! Wamagana ililipuka. Wachuka alimrukia shingoni akisema yeye yuko tayari, twende zetu Chaka, mpaka akavutwa na mama yake. Faini ikatangazwa, mbuzi dume, na asiwe mgonjwa, kwa vile wao wana duka la dawa. Watu wa Chaka walicheka pia, lakini si sana. Mama yake Muriithi alisikika akisema, "Kijana, fungua macho." Wasichana wakachanganywa upya, wakapangwa, na Mukami akajikuta mwisho wa mstari.

Raundi ya pili Muriithi hakuharakisha hata kidogo. Alipita kwa wote. Alipofika mwisho alisimama mbele ya Mukami muda mrefu hivi kwamba vigelegele vilianza, vikasita, vikafa vyenyewe. Mukami alisikia pumzi yake. Alisikia harufu ya ile sabuni ya kipande anayoogea. Chini ya leso machozi yalimtoka, na hata hayo aliyaacha yateremke bila kuinua mkono.

Muriithi alirudi katikati ya uwanja.

"Mukami hayuko hapa," alisema.

Watu waliguna. Msemaji wa Chaka, mzee mmoja mfupi aliyekuwa amefurahi sana hadi wakati huo, alisimama na bakora yake. "Wamagana, sisi si watoto. Faini ya mbuzi mmetutoza. Huyo msichana amekuja ama bado yuko kwa barafu?"

Ngatia aligeuka kuutazama ule mstari. Beth alikuwa ameshika upindo wa rinda lake jipya kwa mikono miwili. Na Mukami, ambaye hakuwahi kuvunja mila hata moja ya pale nyumbani, akaishika leso na kuivuta mwenyewe ikaanguka chini.

"Niko hapa," alisema. "Muriithi, niko hapa."

Shangazi mmoja alipiga yowe. Bibi arusi hajifunui mwenyewe, ni kama mtu kujikaribisha chakula.

"Nilijua uko hapo," Muriithi alisema. Hakuwa na mikrofoni, lakini kimya kilikuwa kikubwa na kila mtu alisikia. "Tangu ile mara ya kwanza. Nani mwingine anaweza simama hivyo? Nilikuona kwa ile video ulituma, mmesimama mkingoja nyundo. Upepo ilikuwa inawasukuma wote na wewe hutingishiki. Niliitazama hiyo video mpaka nikaichoka."

"Sasa mbona ulipita?"

"Nilitaka nione kama utatingishika kidogo." Alitazama leso iliyoanguka. "Kwa sababu yangu."

Neno hilo lilimchoma Mukami, likamchoma hasa, kwa sababu lilikuwa kweli na kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa amelijua mpaka aliposikia likisemwa. "Kule ukitingishika unaharibu kazi ya kila mtu," alisema, na kabla hajamaliza akaona aibu.

"Hapa si kule, Mukami."

"Najua." Alijipangusa uso kwa kiganja. Kama ni kuharibu, alikuwa ameshaharibu. "Muriithi, nisikize. Novemba narudi huko. Kazi haikuisha. Waliniuliza nikasema nitaenda, na sikukuuliza wewe. Desemba sitakuwa hapa."

Ukasikia watu wazima wote wakivuta pumzi kwa pamoja. Beth alikaa chini kwenye kiti kisicho chake. Mama Muriithi alisema, "Woiye, kijana wangu," polepole, akaangalia pembeni. Muriithi aliinamisha kichwa akawa anaangalia viatu vyake, akikuna shingo, vile anavyofanya pale mkulima anapomwuliza kama ng'ombe wake atapona.

Ngatia hakuwa mtu mwerevu kupita wengine, na siku hiyo alikuwa amekula vizuri, lakini alijua kazi yake. Alichukua kibuyu kilichokuwa mezani. Zamani kingekuwa na pombe ya muratina. Hii ilikuwa nyumba ya kanisa, kwa hivyo kilikuwa na uji wa wimbi, na juu yake ulikuwa umeshaganda utando. Alikuja akasimama kati yao wawili.

"Kuna mambo ya watoto na kuna mambo ya wazee," alisema. "Yenu mtaongea nyinyi. Sisi huwa tunauliza swali moja tu, na hatuulizi mama, hatuulizi bwana arusi. Mukami mtoto wa ndugu yangu, hawa watu wametuletea kinywaji. Tukinywa tumekubali, na maji yakimwagika hayazoleki. Tunywe?"

Muriithi aliinua kichwa akamtazama.

Mukami aliona kwamba Muriithi angengoja. Ilikuwa wazi usoni mwake. Yeye akisema ndiyo, Muriithi angehamisha harusi mwaka mmoja bila kinyongo, na mwingine kama ingebidi, angekaa pale Chaka akiuza dawa za kupe na kuitazama ile video. Hakuna mtu angemlaumu yeyote. Neno moja tu, kama alivyosema mama yake, na baada ya hapo wangemwacha aingie ndani alale. Alitamani kulala kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote.

Ndivyo alivyomjibu profesa vilevile. Akiwa amesimama, macho yanamwasha, akitaka tu aachiliwe aende, alisema ndiyo. Ndiyo ya uchovu alikuwa ameshaitoa moja, na sasa ilikuwa inamlipisha. Ya pili hakuwa na haki ya kuitoa, si kwa huyu.

"Msinywe," alisema.

"Mukami!" Beth alilia kutoka kitini.

"Msinywe, baba. Sisemi simtaki. Nimechoka, sijui nasema nini, na yeye hawezi kuolewa na mtu ambaye hajui anasema nini."

Mtu wa mila angemkosoa, kwa sababu mwanamume haolewi, anaoa. Hakuna aliyecheka. Ngatia alikishika kile kibuyu kana kwamba kimekuwa kizito ghafla, akamrudishia msemaji wa Chaka kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema. "Mbuzi wenu mtarudi nao. Lakini chakula kilichobaki tutamaliza pamoja, kwa maana chakula hakijakosea mtu."

Basi wakala tena, watu wasiokuwa na njaa, wakiongea juu ya mvua na bei ya majani chai. Wachuka ndiye aliyegawa soda, bila mzaha hata mmoja. Beth alimpakulia Muriithi kwa mkono wake mwenyewe, irio na nyama ya mguu, machozi yakimdondokea kwenye mkono wa rinda, na Muriithi akala yote kwa sababu hakutaka kumwongezea mama wa watu huzuni. Alipomaliza alinawa mikono, akamshukuru, akaenda kwa Mukami aliyekuwa ameketi peke yake kwenye ngazi ya jikoni.

"Nikuulize kitu," alisema. "Kama wangekuuliza leo ile ya barafu, ungesema nini?"

Mukami alifikiri. Aliona ule mstari uliokatika, na vinasa vilivyofukiwa, na mkono wa kiongozi ukiinuka. "Sijui," alisema. "Kweli sijui, Muriithi."

"Sawa." Alibaki amesimama hapo. Alikuwa kama anataka kumgusa kile kidole chenye kucha nyeusi, na hakukigusa. "Mimi nilikuwa nakuja leo nikijua unanijua, kwamba mimi ni mtu wa kuambiwa kitu. Hiyo ndiyo imeniuma. Si hiyo safari yako."

Aliungana na watu wake. Walipakia mablanketi, wakapakia mbuzi waliokuwa wakilalamika, na walipotoka getini hakuna aliyeimba, si wa ndani, si wa nje. Magari yakapinda moja baada ya jingine kuelekea barabara ya Nyeri. Muriithi alikuwa kwenye la mwisho, amekaa mbele, na hakugeuka.

Ndipo Mukami alipolia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, mwili mzima ukimtetemeka, meno yakigongana, jambo ambalo halikuwa limempata hata katika ile dhoruba. Alijaribu kujizuia akashindwa. Shangazi waliokuwa wakiosha sufuria walinyamaza. Beth alikuja akakaa kando yake kwenye ngazi, bado ana hasira, akavua kitambaa chake cha kichwa akamtupia magotini.

"Lia," alisema. "Ungelia hivi ukiwa pale kwa mstari, saa hii tungekuwa tunaimba."